Kuukataa Uwanja Mbovu Si Woga

Kaa kwenye kijiwe chochote hapa Bilele, Bukoba, taja timu iliyogoma kuingia uwanjani au mchezaji aliyeomba atolewe kwa sababu ya hali ya uwanja, na hukumu itatoka kabla hujamaliza kusema: wameogopa. Uwanja ni uleule kwa wote. Mwanaume haogopi matope. Wazee wetu walicheza peku na hawakulalamika. Asiyeweza kucheza kwenye uwanja wetu wa Kaitaba mvua ikinyesha akatafute kazi nyingine. Maneno haya yanasemwa na watu ninaowaheshimu, wachambuzi wanayarudia redioni, na tumeyasikia kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna tena anayeyauliza yametoka wapi. Mimi nasema hayana msingi, na vijana wetu wanayalipia kwa magoti yao.

Nianzie mbali kidogo, kwenye mchezo ambao Bukoba hatuna, lakini ambao umepambana na suala la ardhi kwa muda mrefu na kwa uwazi kuliko soka letu. Ni yale mashindano ya farasi yenye hatua tatu. Farasi na mpandaji wake hupimwa kwanza utii na mwendo, kisha hukimbia nyikani wakiruka vizuizi, na mwisho huruka vizuizi vya uwanjani. Hatua ya nyika ndiyo ya hatari. Katika daraja la juu kabisa farasi hukimbia zaidi ya kilomita 6 kwa mwendo wa mita 570 kwa dakika, na mbele yake kuna magogo na kuta zinazofika mita 1.20, nyingi zikiwa zimesimikwa imara. Akiteleza wakati wa kuruka, anayeanguka ni yeye na mtu aliye mgongoni kwake.

Tazama wanavyofanya. Kabla ya siku ya nyika, mpandaji huitembea njia nzima kwa miguu yake mwenyewe, na haridhiki na mara moja. Anakanyaga pale farasi atakapojikusanya kabla ya kuruka na pale atakapotua. Anabonyeza udongo kwa kisigino. Anaamua njumu zipi zifungwe kwenye viatu vya chuma vya farasi, ndefu kwa tope, fupi kwa ardhi kavu. Usiku mvua ikinyesha, asubuhi anarudi kutazama tena. Akiona ardhi haimfai farasi wake, anawaarifu waandaaji kwamba amejitoa, na jina lake linaondolewa kwenye orodha ya wanaoanza. Anapoteza ada aliyolipa na nafasi ya zawadi. Hatangazwi kuwa mtovu wa nidhamu, wala hakuna kamati inayomwita kujieleza kwa nini hakuuvunja mguu wa farasi wake ili watazamaji wafurahi.

Si wapandaji peke yao. Shindano la Badminton, kule Uingereza, ambalo kwa mchezo huo lina heshima ya fainali ya kombe kubwa, liliwahi kufutwa kwa sababu ya ardhi iliyojaa maji mwaka 1966, likafutwa 1975, likafutwa 1987, na likafutwa tena 2012. Mara zote hizo kulikuwa na watu waliojiandaa mwaka mzima, wafadhili waliokwisha kulipa, mahema yaliyokwisha kusimamishwa. Mwaka 2023 mvua ilinyesha tena kwa nguvu, shindano likafanyika kwenye tope zito, wapandaji kadhaa wakaamua kuwapumzisha farasi wao, na Ros Canter akashinda akiwa na Lordships Graffalo. Hakuna aliyesema ushindi wake ni nusu kwa sababu wengine walijitoa, wala aliyewaita waliojitoa waoga. Kila mtu anayeujua mchezo huo anaelewa kwamba kuusoma udongo ni sehemu ya ujuzi wenyewe, sawa na kushika hatamu.

Sasa turudi kwenye hoja inayopendwa kuliko zote hapa kwetu, kwamba uwanja ni uleule kwa wote. Ingekuwa kweli, ningenyamaza.

Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico, na hatua ya nyika ya farasi ikapangwa Avándaro. Walioanza mapema walikimbia juu ya ardhi nzuri. Baadaye mvua kubwa ikashuka, vijito vikafurika, na waliofuata wakakuta vizuizi vimezama ndani ya maji ya kasi. Farasi wawili walikufa. Njia ilikuwa moja kwenye ramani, vizuizi vilikuwa na namba zilezile, lakini aliyeanza asubuhi na aliyeanza mchana hawakukimbia mahali pamoja. Hata pasipo dhoruba, kila farasi anayepita huuchimbua udongo, na wa arobaini hukuta kitu tofauti kabisa na alichokuta wa kwanza.

Kwenye soka ni vivyo hivyo. Timu mwenyeji imefanya mazoezi hapo mwaka mzima. Beki wake anajua kona ipi inatuamisha maji, kipa wake anajua upande gani mpira unadunda vibaya mbele ya goli, na mshambuliaji wake anajua mahali pa kutokukimbilia. Mgeni ameshuka kwenye basi baada ya safari ya siku mbili. Timu inayotegemea pasi za chini inapoteza silaha yake kwenye maji, inayopiga mipira mirefu inaipata. Kijana mwepesi anateleza, na jitu zito linazama hadi kifundo. Kusema mazingira ni sawa kwa sababu mistari imechorwa kwa chokaa moja ni kutotaka kuangalia.

Hapa Kaitaba tunayajua haya vizuri kuliko wengi. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini. Ziwa liko karibu, na wingu linaweza kutoka majini na kumwaga mvua ambayo nusu saa nyuma haikuwa na dalili. Ndiyo maana mradi wa FIFA ulipotuletea nyasi bandia, Kagera Sugar wakalazimika kucheza mechi zao za nyumbani nje ya mkoa wakati kazi ikiendelea, mji ulivumilia. Tuliambiwa tatizo la uwanja limekwisha.

Halikwisha, lilibadilika sura. Nyasi bandia hazitengenezi tope, hilo ni jema kubwa. Lakini si zulia la kutandika na kusahau. Kati ya majani yake ya plastiki kuna mchanga na chembe nyeusi za mpira, na hizo ndizo zinazobeba uzito wa mchezaji anapotua. Chembe hizo huhama. Husombwa na maji, hunasa kwenye soksi, hukusanyika pembeni na kupungua mbele ya magoli na katikati, pale pale penye vurugu nyingi. Zisiporudishwa na majani yasipochanwa kwa brashi, majani hulala, na chini yake panakuwa pagumu. Ukipiga goti hapo unalisikia hadi kwenye nyonga. Jua likiwaka, uso wa nyasi hizo unapata joto kuliko nyasi za kawaida, na mchezaji anayeteleza kwa tako kuuzuia mpira anainuka ngozi imechubuka kuanzia paja. Mguu nao, badala ya kuteleza kidogo kama kwenye nyasi za Mungu, unaweza kunasa huku mwili ukigeuka. Goti ndilo linalobaki katikati. Nyasi za namna hii zina umri, nao huhesabiwa kwa miaka, si kwa vizazi.

Kwa hiyo mchezaji akiuangalia uwanja kama huo na kusema leo hapana, anatumia akili aliyopewa. Wenzake duniani wamekwisha kufanya hivyo hadharani. Mwaka 2014 kundi la wachezaji wa kike wa mataifa mbalimbali lilifungua shauri Canada kupinga Kombe la Dunia la Wanawake la 2015 kuchezwa lote kwenye nyasi bandia. Shauri waliliondoa mapema mwaka uliofuata, na mashindano yakachezwa kwenye nyasi hizo hizo. Desemba mwaka huo huo wa 2015, timu ya wanawake ya Marekani, ambayo miezi michache nyuma ilikuwa imetwaa kombe hilo, ilikuwa icheze Honolulu dhidi ya Trinidad na Tobago. Megan Rapinoe akaumia goti mazoezini. Wachezaji walipoukagua uwanja wa mechi waliona zulia limeachana na kokoto zimejitokeza, wakakataa kucheza, na mechi ikafutwa. Mabingwa wa dunia. Nani yuko tayari kusimama awaambie wale waliogopa Trinidad?

Najua mtu atanijibu kwa mfano wa hapa hapa. Tarehe 18 Desemba 2021 Simba walikuwa wacheze na Kagera Sugar Kaitaba, na mechi ikaahirishwa kwa sababu wachezaji wao wengi waliugua mafua na homa. Mji ulifura. Watu walikuwa wamesafiri kutoka Muleba, Missenyi na Karagwe, na kila mahali ilisemwa Simba wamekimbia. Sasa kumbuka kilichofuata. Mechi ilichezwa tarehe 26 Januari 2022, Simba wakiwa wazima, na Kagera Sugar wakashinda bao 1-0, mfungaji Hamis Kiiza. Ushindi ule hakuna anayeweza kuutia doa. Ungepatikana Desemba, dhidi ya watu wanaokohoa na kutetemeka kwa homa, leo ungekuwa unatajwa na nyota pembeni yake. Kuahirisha hakukutunyang'anya kitu. Kulitupa ushindi safi.

Wengine watataja tarehe 8 Machi 2025, Simba walipokataa kuingia kucheza na Yanga kwa madai kwamba usiku wa kuamkia mechi walizuiwa kufanya mazoezi ya mwisho Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nchi nzima iligawanyika kwa rangi za jezi, na kwa rangi za jezi huwezi kuliona jambo. Mimi nauliza swali moja tu: kwa nini kanuni humpa mgeni haki ya kuukanyaga uwanja kabla ya mechi? Kwa sababu hiyohiyo inayomfanya mpanda farasi aitembee njia kwa miguu. Anayekwenda kuweka mwili wake mahali lazima apajue. Kama haki hiyo ina maana, kuinyima lazima kuwe na matokeo. Na kama haina maana, ifutwe kwenye kanuni ili tujue moja. Kilichotokea ni malumbano ya miezi mitatu na zaidi, Yanga nao wakisema hawatacheza tena mechi hiyo, hadi ilipochezwa Juni 25 na Yanga wakashinda 2-0. Kama kungekuwa na utaratibu wa wazi wa kukagua na kupinga, jambo lile lingekwisha usiku uleule.

Na Mei ya mwaka huo huo tukapewa somo lingine, tukalikataa. CAF iliiondoa mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane kutoka Mkapa na kuipeleka Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya sehemu ya kuchezea. Mashabiki walisema ni njama. Mechi iliisha 1-1 na kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3-1. Nilisikitika kama Mtanzania yeyote. Lakini sikusikia watu wengi wakiuliza swali lililopaswa kuulizwa kwanza: uwanja mkubwa kuliko vyote nchini ulifikaje kwenye hali ya kukataliwa wiki ya fainali? Tuliwakasirikia waliosema uwanja ni mbovu, tukawasamehe waliouacha uwe mbovu. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa fikra ninayoipinga. Inahamisha aibu. Inaitoa kwa mwenye uwanja na kumtwika mwenye miguu.

Wazee na peku zao niwajibu kwa heshima, maana kila siku nawaamkia shikamoo kwa unyenyekevu nao huitikia marahaba. Ni kweli mlicheza peku. Ni kweli pia kwamba wengi wenu mnashuka ngazi za kanisa mkijishikilia ukutani, na mnapoulizwa mnasema ni ule mguu, ni ile mechi. Hakuna aliyekuwa akihesabu. Kijana aliyekatika kano ya goti alirudi nyumbani, akakandwa kwa maji moto, akaambiwa atapona, na msimu uliofuata jina lake halikuitwa. Hatukumwona tena uwanjani, tukakumbuka tu wale waliobaki wazima, kisha tukasema wa zamani walikuwa ngangari. Leo kano hiyo inaweza kutengenezwa kwa upasuaji, lakini hesabu ni ngumu: taasisi ya mifupa ya MOI iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapa, na kijana wa ligi ya mkoa hana mkataba wala bima ya kumfikisha huko.

Hoja pekee inayonisumbua ni ile ya ujanja. Inasemwa kwamba ukiwapa timu ruhusa ya kuukataa uwanja, kila timu yenye majeruhi watatu itagundua dimbwi. Ni hoja ya kweli, na viongozi wetu wa klabu wameipa nguvu kwa tabia zao. Lakini dawa ya ujanja ni kipimo. Kwenye mbio za farasi Uingereza kuna kifaa kama fimbo, kinachochomekwa ardhini na kuvutwa pembeni, nacho hutoa namba inayoonyesha ugumu na mshiko wa udongo. Namba hiyo hutangazwa kabla ya mbio, na kila mwenye farasi huisoma nyumbani kwake. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi limeandika katika maadili yake kwamba ardhi ya mashindano lazima iandaliwe na itunzwe kwa namna inayopunguza majeraha. Uwanja unapokuwa na namba iliyotangazwa, mjanja anakosa pa kujificha, na mwenye uwanja pia.

Sisi tuna nini? Tuna mwamuzi anayetoka na mpira saa moja kabla ya mechi, anauachia kutoka kiunoni, anatazama kama unadunda, anausukuma aone kama utakwama majini. Siudharau utaratibu huo, una akili ndani yake. Sheria za soka zimemkabidhi mwamuzi uamuzi wa kuchezwa au kutochezwa, na zimemkinga asishtakiwe kwa uamuzi huo. Lakini mwamuzi huyo anasimama mbele ya watu elfu kadhaa waliokwisha kulipa, mbele ya kamera, mbele ya viongozi waliovaa suti, na miguu itakayocheza si yake. Kumwachia peke yake mzigo huo ni kumwonea. Nahodha wa kila timu na daktari wa kila timu wapewe sauti iliyoandikwa. Wakague pamoja, wasaini pamoja. Manahodha wote wawili wakisema haufai, mwamuzi asiwe na uwezo wa kuwalazimisha. Mmoja akisema haufai na mwingine akasema unafaa, kipimo kiamue. Na mechi ikiahirishwa kwa njia hiyo, asitokee mtu wa kugawa pointi 3 na mabao 3.

Mvuvi wa Nyamukazi akisikia tahadhari ya mawimbi kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, akauacha mtumbwi wake ufukweni, mke wake hamwiti mwoga, na wateja wa sokoni wananunua dagaa wa jana bila kinyongo. Mji huu unajua kabisa kusubiri. Sijui ni lini tuliamua kwamba uvumilivu huo usivuke geti la uwanja wa mpira.

Kuhusu tiketi, jibu ni fupi: tiketi ya mechi iliyoahirishwa itumike siku itakapochezwa, na iandikwe hivyo mgongoni mwake.

Lakini nisingekaa kuandika haya yote kwa ajili ya Ligi Kuu peke yake. Wachezaji wa Ligi Kuu angalau wana daktari benchi na gari la wagonjwa getini. Nenda Muleba wakati wa maandalizi ya UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, uangalie viwanja vya shule tunakowapeleka watoto. Kwa wiki nzima ng'ombe wamelishwa pale. Mvua ilinyesha, kwato zikazama, kisha jua likawaka siku tatu, na kila alama ya kwato ikakauka na kuwa kishimo kigumu kama kikombe cha udongo, cha ukubwa ule ule wa kisigino cha mtoto wa darasa la sita. Mbele ya goli nyasi zimekwisha, jiwe jekundu limejitokeza. Mistari imemwagwa majivu. Binti anakimbiza mpira akiwa na raba za kuazima zilizomzidi namba mbili, mguu unaingia kwenye kishimo, mwili unaendelea mbele. Mwalimu anamnyanyua, anamwambia jikaze, na watu wa pembeni wanampigia makofi akirudi uwanjani akichechemea.

Makofi yale ndiyo ninayotaka yakome. Mwalimu yule ana haki ya kukagua uwanja asubuhi, na akiona haufai, awaambie watoto leo tutakimbia barabarani, mechi tutacheza mashimo yakishafukiwa. Apewe haki hiyo kwa maandishi na afisa michezo wa wilaya, na shule iliyoahirisha isipoteze nafasi yake kwenye ngazi ya mkoa. Koleo, toroli mbili za mchanga na kamba ya kuwazuia ng'ombe vinatosha kuanza, na halmashauri haihitaji mfadhili wa nje kuvinunua.